Bangili ya Afande Ilivyogeuka Nyeupe

Mume wangu Barasa ni mtu mwema, lakini ana mikono ya haraka, na mdomo ndio usiseme. Tangu sonara Praful afukuzwe nchini pamoja na Wahindi wenzake mwaka 1972, Barasa ndiye aliyebaki na karakana ile ya Jinja, ingawa kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kufagia na kung'arisha. Vumbi la dhahabu alilinasa kwa zebaki, kisha akaikamua zebaki hiyo katika ngozi laini. Mambo ya moto Praful aliyafanya mwenyewe, mlango umefungwa.

Mwaka 1977 afande mmoja alileta bangili ya mkewe, kiungo kimekatika. Barasa alikuwa ametoka kukamua zebaki. Hakunawa! Akaishika hivyo hivyo, na kufikia mchana dhahabu ilikuwa nyeupe kama sufuria mpya. Afande alikuwa amesema atarudi Ijumaa. Jamani! Angesema tumeiba dhahabu yake tukampa bati, na watu wa Jinja walikuwa wakipotea kwa makosa madogo kuliko hayo.

Barasa aliisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga, mpaka nikampokonya. Asubuhi tukapanda basi kwenda Mbale kwa kaka yangu Makokha, mwalimu wa kemia. Bangili niliificha ndani ya unga, na kwenye kila kizuizi cha askari niliukumbatia mfuko wake.

Makokha hata chai hakutupa, akaanza kufundisha. Alisema kiini cha atomu ya dhahabu kina protoni sabini na tisa, nazo zinavuta kwa nguvu mpaka elektroni za ndani zinakimbia zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Kwa mbio hizo ni kama zimeongezeka uzito, zinasogea karibu na kiini, na mpangilio wa elektroni za nje nao unabadilika. Ndiyo maana dhahabu humeza mwanga wa buluu, ikaonekana ya njano. Bila mbio hizo ingekuwa nyeupe kama fedha. Zebaki ni jirani yake, ina protoni themanini, na elektroni zake za nje zimebanwa mno hata atomu zake hazishikani sawasawa, basi inabaki majimaji. Nikamwambia sikuja shule mimi, nataka kujua kama mume wangu atauawa.

"Rangi haijapotea, dada," akasema. "Imo ndani ya atomu yenyewe. Zebaki imeingia juu juu tu, moto utaifukuza. Chomeni nje, na moshi wake msiuvute."

Alhamisi tukaichoma uani, tumeupa upepo mgongo. Njano ikarudi, na Barasa akakibana kiungo kwa koleo. Nililia.

Ijumaa afande alifurahi, na mambo yangeishia hapo. Lakini aliona doa jeupe ndani ya kiungo, akauliza. Badala ya kunyamaza, Barasa akamweleza yote: zebaki, moto, hata mwalimu wa Mbale. Afande alisikiliza, akaenda kwenye gari lake, akarudi na foronya iliyojaa bangili. Nyingine zilikuwa ndogo, za mkono wa mtoto.

"Fanya zote nyeupe," akasema. "Pale mpakani Malaba wataona ni fedha tu. Na huyo mwalimu anaitwa nani? Watu wanaojua hii kitu nataka wote wakae karibu yangu."

Nilimkanyaga Barasa mguu kwa nguvu zangu zote. Alikuwa anaogopa, mume wangu.

"Makokha, afande," akasema.