Panya wa Anga Walivyoniumbua Olumbi

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na mke wangu. Mimi ni ativista wa afya hapa Olumbi, kazi yangu kuwahimiza kina mama wapeleke watoto kwenye chanjo. Juzi, kwa kutaka kuonekana msomi, niliacha maneno niliyofundishwa nikawasimulia habari niliyoiona kwenye simu. Wataalamu wanaotaka kujua safari ya anga inavyodhoofisha kinga ya mwili hawana haja ya kumrusha kila panya huko juu. Wengine humning'iniza kwa mkia hapa hapa duniani, miguu ya nyuma isiguse chini, kisha huangalia askari wa mwili wake wanavyolegea.

"Kwa hiyo kinga si ya kuchezea," nikamaliza. Kina mama wakatazamana. Nikadhani wamevutiwa.

Siku ya chanjo jua lilipanda na benchi likabaki tupu. Nesi alinitazama. Nikajisemea nimewatisha, watoto watakosa chanjo kwa ajili ya panya.

Mara wakatokea, wote, mwendo wa kobe. Hakuna aliyebeba mtoto mgongoni. Hata wasiojua kutembea walishikwa makwapani, vidole vya miguu vikichora mchanga. Nilishusha pumzi.

"Mbona hamkuwabeba?" nesi akauliza.

"Tumeambiwa miguu ikining'inia, kinga inakwisha."

"Mmeambiwa na nani?"

Wa mbele kabisa alikuwa mke wangu. Mikono yote miwili ilikuwa imemshika mwanetu, basi akaninyooshea kidevu.