Visiki Saba Kati ya Mlango na Jiko

Usichanani mwangu mdomo wangu haukuwa na breki, na pale Nyabusozi hakuna jirani asiyejua. Operesheni ya vijiji ilitutoa kwetu migombani ikatupa kiwanja cha porini. Miti ilikuwa imekatwa harakaharaka, visiki vikaachwa vimefika magotini. Saba vizima, kati ya mlango wa nyumba na jiko! Kila kiangazi kaka yangu aliahidi kuving'oa, na kila masika vikachipua upya. Mwishowe akaondoka kwenda vitani kumpiga nduli, akaniachia shoka. Wakati huo macho ya mama yalikuwa yameshazima.

"Kule kwetu nilikwenda kisimani hata gizani," mama alikuwa akisema. "Hapa nimekuwa mzigo, hata chooni napelekwa."

Siku moja nilitoka shamba la kijiji nikamkuta mama amekaa kizingitini, muundi umechubuka, damu imemkaukia. Nikawaka. Nilivitukana visiki vile kimoja kimoja, majirani wakatoka kutazama. Nikaapa mbele yao kwamba mama atavuka uwanja wake peke yake, bila kushikwa mkono na mtu.

Kuapa ni rahisi. Miti ya porini kwetu ni migumu, shoka lilidunda tu. Siku ya pili viganja vilikuwa malengelenge matupu na kisiki hakijatikisika. Jirani yetu, mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga, alisimama akanitazama weee, kisha akacheka.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa nilikuwa nimenuna.

"Marahaba, mwanangu. Nguvu zote hizo za nini, na moto upo? Njoo uchukue samadi."

Akanifundisha namna yao. Unafukua udongo mpaka mizizi ionekane, unajaza samadi kavu, unaweka makaa, unafunika na udongo na kuacha tundu dogo la hewa. Mwali huuoni. Moto unakula ndani kwa ndani siku tatu, nne, mpaka mizizini. Ukiwa na pupa ukakanyaga kabla hapajapoa, umeungua mguu.

Nilibeba samadi kwa kapu wiki tano. Nguo zilinuka moshi, maji ya kunywa yalinuka moshi. Mama alikohoa tu, hakusema neno. Kisiki cha mwisho kilipolika nilizoa majivu, nikajaza mashimo udongo, nikashindilia kwa mchi, nikafagia. Uwanja ukalala sawasawa. Kazi ile niliiweza, na hadi leo najisifu bila haya.

"Mama, toka! Nenda mpaka jikoni, hakuna cha kukukwaza!"

Akatoka. Hatua tatu, akasimama. Akapapasa kwa fimbo kulia, akapapasa kushoto. Kisha akageuka, akaanza kuelekea barabarani.

"Si huko, mama!"

Akasimama tena, fimbo ikamdondoka.

"Umevitoa vyote?"

"Vyote!"

"Ulipokuwa ukienda shambani, mimi nilikuwa natoka," alisema polepole. "Nilivijua kwa fimbo. Nikikizunguka cha tatu, najua jiko liko mbele yangu. Siku ile ya muundi nilikuwa najifunza. Nilitaka siku moja urudi unikute nimekupikia."

Loo! Moyo ulinipasuka. Nilikuwa nimeichoma njia ya mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe, wiki tano, huku nikijisifu. Na mimi nikiumia huwa silii kwanza, huwa nafoka. Nikakimbilia jikoni nikaanza.

"Sasa mbona hukusema? Mtu nabeba mavi ya ng'ombe kichwani, nameza moshi kama panya shimoni, wewe kimya! Mdomo umeuweka wapi?"

"Uko wapi, mwanangu?"

"Jikoni!"

"Basi usinyamaze."

Sikunyamaza. Nilimgombeza mama yangu mzazi kama sijafunzwa adabu, majirani wakaguna, mama mmoja wa jirani akaniambia nina laana. Nikaendelea tu, sauti ikikatika. Mama akaja akiifuata sauti hiyo, bila fimbo, bila mkono wa mtu, akavuka uwanja wote, mpaka vidole vyake vikanigusa usoni vikakuta machozi.