Dirisha la Jikoni

Miaka michache kabla ya Mapinduzi, nyumba yetu ya udongo kule Madungu ilikuwa na jiko lisilo na dirisha. Mama akipika, hakuweza kumwona mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatambaa. Asubuhi moja alitoka akamkuta ukingoni mwa kisima cha uani. Alimnyakua, akarudi naye ndani.

Baba aliporudi kutoka kuchuma karafuu, mama alimwambia, "Bwana, nitobolee ukuta huu, nimwone mwanangu."

Baba hakusubiri hata kula. Aliubomoa udongo kwa shoka, akaziacha fito zisimame, nami nikazoa vifusi. Moshi ukatoka, ua wote ukaonekana. Mama alichungulia, akacheka.

"Alhamdulillahi! Sasa nitapika roho yangu imetulia."