Siri ya Mto wa Sufi

"Shoga, mtu aliyetoka kwenye televisheni naye anaazima chumvi?"

Jirani wa mlango wa pili aliuliza kwa utani, huku chumvi yenyewe akiichota. Mama Mito alicheka, maana utani wa jirani huyo haumchomi mtu. Lakini aliporudi chumbani alikaa juu ya gunia moja la sufi lililobaki, akajiuliza swali lile lile.

Alikuwa mjane, na jina lile alilipata kwa kazi yake. Miaka kumi na moja alishona mito ya kulalia, akaipeleka kwenye duka moja la magodoro, na duka hilo ndilo lililomlisha. Mito yake haikufanya mabonge. Sababu aliijua yeye na Mola wake: sufi aliianika siku mbili ndani ya chandarua kikuukuu, akaichapa kwa fimbo mbili nyembamba hadi mbegu zote zidondoke. Katikati alitia vipande vya kitambaa vidogo kama kucha, na pembe alizishona mara mbili, mshono wa pili ukilala upande.

Ndipo wakaja watu wa televisheni, wa kile kipindi cha wajasiriamali cha Jumamosi mchana. Mtangazaji, binti mwenye adabu zake, alimwambia kwamba kuna wanawake wengi wamekaa majumbani, nia wanayo, pa kuanzia hawapajui. Mama Mito alilelewa akiambiwa kwamba elimu haifichwi, na anayeificha ataulizwa siku ya siku. Akaeleza yote, mpaka pembe. Kamera iliposogea karibu, alirudia polepole ili wa nyumbani wapate kuandika.

Alijitazama kwa jirani, maana yeye televisheni hana. Chumba kilijaa, watoto wakapiga makofi. Jirani peke yake alitikisa kichwa.

"Mama Mito, umemwaga mchele penye kuku wengi."

"Kuku nao wana Mungu wao," alijibu.

Na kuku walikula. Haikupita miezi sita, mwenye duka akamwita, akapanga mito mitano juu ya meza, akamwambia achague wa kwake. Mama Mito akaibonyeza mmoja mmoja, akainusa, akapapasa pembe. Akachagua. Akakosea.

"Wote wamesoma kwako, mama," mwenye duka alisema, bila ubaya. Akaeleza kwamba wale wengine wanaleta mzigo kwa gari, na yeye analeta kichwani, sita sita. Alipokea mito aliyoileta siku hiyo, akamwambia asihangaike kuleta mingine.

Hasira hakuwa nayo, angemkasirikia nani? Kila alfajiri alimwomba Mungu amfungulie mlango mwingine, na kila alfajiri mlango ulikaa vile vile. Alizunguka na mito mitaani, akakuta kila mtaa una mshonaji wake. Kipindi nacho kilirudiwa, mara ya pili, mara ya tatu, na kila kikirudiwa wasichana walimbishia hodi wakiwa na madaftari. Aliwafundisha, kwa kuwa kukataa hakukujua.

Mwishowe akatoka kwenda kwa mmoja wao, yule aliyekuwa wa kwanza kuja. Alimkuta na chumba kipana, cherehani nne, na kila cherehani na msichana wake. Binti alimwamkia shikamoo kwa magoti, akamwita Mwalimu, akafuta kiti kwa kanzu yake mwenyewe. Akampa habari zake kwa furaha: watu wa televisheni wanakuja wiki hiyo, safari hii kumwonyesha yeye, na angependa Mwalimu akae karibu naye waonekane wote wawili.

Mama Mito alimpongeza, akamwombea dua, na dua hiyo aliiomba kwa moyo wake wote. Akangoja wasichana warudi kushona, kelele za cherehani zipande kidogo. Kisha akasogeza kiti.

"Mwanangu, kama kuna nafasi ya kujaza sufi, naomba unipe."