Maji Kwenye Tangi la Dizeli

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Gatini, sokoni, hata kwa mama mkwe wake, aliitwa Kwanini, na jina hilo alilitolea jasho. Alipokuwa mtoto aliifungua pasi ya mama yake aone joto linakaa wapi. Akachapwa, na katikati ya kuchapwa akauliza anachapiwa nini na pasi bado inapata moto. Ukubwani akawa fundi wa maturubai na matanga, mwenye karakana ya chumba kimoja nyuma ya gati, cherehani mbili nzito na dirisha pana linalotazama mashua. Ukimpelekea tanga lililochanika, kabla hajalipokea atataka kujua upepo ulitoka upande gani, nani alishika usukani, na kwa nini tanga halikupunguzwa mapema. Wateja wengine walikuwa wanaliacha mlangoni na kutimua mbio.

Cherehani ya pili ilikuwa ya mdogo wake. Kila asubuhi mdogo mtu aliingia na chupa ya chai, akavua viatu, na wawili hao wakashona hadi jioni huku wakizungumza bila kutazamana, kama wanavyofanya watu waliolala kitanda kimoja utotoni. Kwanini aliuliza, mdogo wake alijibu, na asipokuwa na jibu alitunga.

Mume wa huyo mdogo mtu alikuwa kinyozi, na yeye aliitwa Kesho. Kunyoa hakuahirisha, maana mteja ameshakaa kitini na shuka shingoni, utamwambiaje. Lakini mlango uliolegea, balbu iliyoungua, kuku wa kufuata kwa jirani, vyote vilikuwa vya kesho. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mzito tu wa kunyanyuka, na alicheka mwenyewe alipotaniwa.

Watu watatu hawa walikuwa na mashua yao ya tanga, nyeupe, ya faiba, yenye injini ndogo ya dizeli chini ya ngazi ya kushukia ndani. Wikendi walizungusha watu kwenye ghuba, na katikati ya wiki, duka la kunyolea likiwa limepoa, Kesho aliitoa peke yake kwenda kuvua kwa ndoana. Usafi ulikuwa wa Kwanini, kwa sababu hakuna aliyeufanya akaridhika naye. Kila Ijumaa alichota maji kwenye pipa dogo lililofungwa karibu na mlingoti, kwa kuwa bomba la gatini lilikuwa mbali, akapiga deki juu kote kuanzia mbele hadi nyuma. Kesho alikaa chini ya turubai akimshauri.

"Shemeji, hapo pembeni umeparuka."

"Njoo upasugue wewe basi."

"Kesho."

Basi siku moja, wakirudi na upepo umekufa, injini ikazimika kwenye mlango wa bandari, pale palipo na miamba pande zote mbili. Haikukohoa wala kutoa onyo, ilinyamaza tu. Mkondo ukaanza kuwasogeza. Mdogo mtu alikuwa amekaa mbele, upande wa miamba, na Kwanini akamwona ameshika kamba kwa mikono yote miwili, midomo imemkauka. Mashua nyingine iliwarushia kamba wakati mwamba wa kwanza ulikuwa karibu kiasi cha kuhesabu chaza waliogandana nao. Waliburutwa hadi gatini.

Fundi injini, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alifungua chujio la mafuta akamimina kilichomo kwenye bakuli. Juu ilikaa dizeli, chini yalikaa maji, na katikati palikuwa na utando mweusi unaoteleza.

"Huu una uhai," alisema. "Unaota pale maji yanapokutana na dizeli. Bahari ikitulia, umelala chini ya tangi. Mawimbi yakitikisa, unapanda, unaziba chujio, injini inakosa mafuta. Ndiyo maana ilizimika pale pale penye mawimbi."

Mtu mwingine angeshukuru na kuondoka. Kwanini aliinamia bakuli mpaka pua ikakaribia kuloa. Kitu kinaishi ndani ya dizeli, kinakula, kinazaana! Kwa muda alisahau kabisa miamba. Kisha akanyanyua kichwa na kuuliza swali ambalo lingemnyima usingizi: "Maji haya yameingilia wapi?"

Fundi injini akapandisha mabega. Alisafisha tangi, akabadilisha chujio, akawashauri wanunue mafuta mahali panapouza haraka, kwa sababu dizeli inayokaa muda mrefu kwenye kisima cha kituo huchoka kama mafuta ya kupikia yaliyosahauliwa kabatini.

Kwanini alianzia hapo. Dizeli yao ilinunuliwa na Kesho kwa muuza mapipa nyuma ya maghala, si kwa ubora, bali kwa sababu palikuwa njiani. Akaona mwizi wake ameshapatikana. Akazunguka vituo vyote vya mafuta vya mji akiuliza madereva wa malori wanajaza wapi na kwa nini. Mmoja alidhani ni mtu wa kodi akapandisha kioo. Kila alipopita aliomba mafuta kidogo, akayaweka kwenye chupa tupu za jemu na kuzipanga kwenye dirisha la karakana, kila chupa na kipande chake cha turubai cha rangi tofauti shingoni asije akazichanganya.

"Dada, mwanga wangu," mdogo wake alilalamika.

"Subiri zitulie."

Zilitulia. Moja ilikuwa na ukungu, nyingine na mchanga kidogo. Ya muuza mapipa ilikuwa safi, ya manjano angavu, unaona mlingoti wa mashua ya nje kupitia humo. Kwanini alivunjika moyo waziwazi, akaitikisa na kuiweka tena hadi jua likapungua makali, lakini chini hapakujikusanya kitu. Hata hivyo alihamia kituo cha malori. Alinunua madumu mapya, akayasuuza kwa dizeli yenyewe, akayahifadhi kivulini juu ya mbao badala ya sakafuni, na akawa anajaza tangi mpaka juu ili hewa yenye unyevu isipate mahali pa kukaa na kutoa jasho. Kesho alimtazama akasema hata mtoto mchanga hatunzwi hivi.

Baada ya majuma machache alifyonza mafuta ya chini kabisa ya tangi kwa mpira mwembamba. Chini ya chupa palikuwa na maji, kiasi cha kikombe cha kahawa.

Aliduwaa. Mvua haikuwa imenyesha tangu tangi lisafishwe. Alidondosha tone la maji yale juu ya mfuniko mweusi wa bati, na kando yake tone la maji ya bahari, akayaacha juani. La bahari liliacha duara jeupe la chumvi. La tangini halikuacha chochote. Kwa hiyo yalikuwa maji ya bomba. Na maji ya bomba mashuani yalikuwa kwenye lile pipa tu, wala hayana miguu.

Hapo ndipo udadisi wake ulipomharibia. Akajiuliza nani huwa mashuani peke yake, jibu likaja lenyewe, na badala ya kulihoji kama alivyohoji kila kitu duniani, akalibeba lilivyo hadi kwenye duka la kunyolea.

"Shemeji, niambie ukweli tu. Unauza dizeli ukifidia kwa maji?"

Kesho alikuwa na wembe mkononi. Aliuweka chini taratibu. "Nani anaiba kikombe cha dizeli, shemeji? Nikifanyie nini, nikinywe?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza."

Mteja kitini alitazama kioo kana kwamba hajawahi kuona kioo.

Jioni hiyo mdogo mtu alikuja karakana akasimama mlangoni na viatu vyake miguuni. "Umemwita mume wangu mwizi mbele za watu," alisema. "Mimi nilikuwa kule mbele siku ile, dada, miamba niliiona kabla yenu. Unadhani angeniweka hatarini kwa kikombe cha mafuta?" Alichukua chupa yake ya chai. Akasema mashua iuzwe, mnunuzi keshapatikana, atakuja Jumamosi, na baada ya hapo kila mtu ashike njia yake.

Cherehani ya pili ikanyamaza. Kwanini alishona peke yake, akauliza maswali hewani, na ukimya ulimuuma kuliko alivyotarajia. Alilia kidogo juu ya turubai la mtu, akapangusa, kisha akafanya kile alichokijua. Alitaka uhakika. Kama ana makosa, ajue, na kama ana haki, mdogo wake aone kwa macho yake.

Jumatatu alimlipa fundi injini alikaushe tangi tena na kulijaza. Halafu akakoroga bluu ya kufulia ndani ya pipa la maji, hadi yakageuka rangi ya sare ya shule. Maji yakionekana tangini na rangi hiyo, atakuwa ameujua mkono ulioyachota.

Ijumaa alikwenda kuisafisha mashua. Iuzwe, isiuzwe, asingekubali mgeni aikute na uchafu. Pipa lilikuwa na maji yale yale ya bluu, naye hakuyaonea tabu. Bluu si ndiyo hung'arisha mashuka meupe? Alichota ndoo kwa ndoo, akamwaga, akasugua, na mashua ikang'aa mpaka akasimama kuisifu. Alirudi nyumbani mgongo unamuuma na roho imetulia kidogo.

Jumamosi walikutana wote gatini: mnunuzi, bwana mpole mwenye kofia pana asiyemjua mtu, fundi injini aliyeitwa kama shahidi, Kesho na mkewe, ambao walisimama mbali kidogo. Kwanini aliingiza mpira hadi chini ya tangi, akafyonza, akajaza chupa ya jemu na kuinyanyua juani. Dizeli ilipanda juu. Chini yalitulia maji, kidogo, ya bluu.

"Haya," alisema. "Mdogo wangu, tazama mwenyewe. Hiyo bluu nimeitia mimi kwenye pipa. Mtu amechota humo akamimina tangini."

Kesho aliitazama chupa kwa muda mrefu. Hakukasirika. Alionekana kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni kwake.

"Shemeji," alisema, "miaka yote hii, umeniona lini nimechota maji humu?"

Kisha mdogo mtu, aliyekuwa amekaza uso tangu afike, akaguna, akaficha mdomo kwa mkono, na kicheko kikampasuka. "Dada! Huyu? Huyu ashike ndoo?"

Hata fundi injini alicheka. Kwanini hakucheka. Alisimama na chupa yake, na kwa mara ya kwanza tangu aende kule kwa kinyozi akaanza kuuliza tena. Kama si yeye, nani amechota? Nani alimwaga maji ya pipa juu ya mashua hii, ndoo kwa ndoo, jana tu, na Ijumaa zote kabla ya jana?

Alipiga magoti. Mdomo wa kujazia dizeli ulikuwa umezama kidogo sakafuni, kwenye kishimo kama sahani, na kifuniko chake kilikuwa kimefungwa vizuri. Kuzunguka kifuniko palikuwa na mstari mwembamba wa bluu. Alichukua kikombe, akakijaza maji, akayamimina kwenye kishimo, akasubiri. Wote waliinama. Maji yalikaa, yakatetemeka, kisha yakaanza kupungua taratibu bila mtu kuyagusa, mpaka kishimo kikabaki kitupu. Alifungua kifuniko. Mpira wa duara uliokuwa chini yake wa kuzuia maji ulikuwa umekauka, akaushika ukamvunjikia vidoleni kama biskuti ya zamani.

Angeweza kusema ni mpira. Fundi injini hata alifungua mdomo amsaidie kusema hivyo. Lakini Kwanini aliutazama mkono wake, wenye bluu bado kwenye kucha.

"Ni mimi," alisema. "Kila Ijumaa nimekuwa nikiyamimina mwenyewe. Ningekuua kule kwenye miamba, mdogo wangu, kisha nikamtukana mumeo. Mnisamehe. Shemeji, nisamehe."

Mdogo mtu alichutama kando yake, akauchukua ule mkono na kuanza kusugua bluu kwa ncha ya khanga yake, kwa nguvu, kama anayemsafisha mtoto aliyetoka kuchezea wino.

Mnunuzi akakohoa. "Samahani jamani, hii mashua mnauza au hamuuzi?"

Kesho alikuwa ameshaketi kivulini chini ya turubai. Alimtazama mkewe, akamtazama shemeji yake pale sakafuni, akanyoosha miguu.

"Njoo kesho," alisema.

Mdogo mtu akainamisha kichwa begani kwa dada yake ili asionekane anacheka. Yule bwana mwenye kofia, ambaye hakumjua mtu pale, akashukuru na kusema basi sawa, atakuja asubuhi na mapema.