Upande wa Ndani

Fundi wa majeneza hasalimiwi kwa mkono. Wapita njia humpungia wakiwa mbali, wakitaniana kwamba ukimkaribia anakupima kwa macho, naye hucheka nao, penseli nyuma ya sikio, vumbi la mbao kwenye nyusi. Viganja vyake vimeota sugu hata havisikii tena ulaini wa ubao, kwa hiyo akimaliza kupiga msasa huinama na kuupima kwa shavu, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza ya chumba cha pili.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mjane aliyefuata jeneza la mumewe alikuta kazi haijaisha. Nje palikwisha kupakwa vanishi, panang'aa. Fundi alikuwa amekipindua kifuniko, anahangaika na upande wa ndani: anasugua, anapima kwa shavu, anasugua tena. Mjane alikaa kwenye stuli akimtazama mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Fundi, watu wanasubiri. Huko ndani nani atapaona?"

"Mwenyewe, mama," alijibu bila kuinua macho. "Siku akiitwa atoke, mkono wake utaanzia hapa. Sitaki achomwe na kibanzi."

Aliyasema kwa sauti ileile anayotumia kuwaambia wateja kwamba vanishi haijakauka. Mjane alikunja mikono ya gauni lake, akaisogeza stuli karibu na kifuniko, akanyoosha mkono kuomba kipande cha msasa.