Daktari Anayesemezana na Meno

Daktari wetu wa meno husemezana na jino kwanza, mgonjwa baadaye. Hukipasha joto kioo chake kidogo kiganjani, huinama, kisha huuliza, "Nani kakuudhi, mzee?" Ijumaa nilimpeleka mke wangu, kesho yake tukiwa tunamwoza binti yetu, na mke wangu kwa maumivu alikuwa hajanena siku tatu. "Kiini cha jino kimevimba," daktari alisema, akipenyeza dawa ya steroidi taratibu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. "Hii inatuliza tu, mama, haiponyi. Jumatatu urudi nisafishe mzizi." Asubuhi ya harusi mke wangu aliamka akinigombeza, kuanzia shati hadi viatu. Sijawahi kugombezwa nikafurahi vile.